Nakuru, Mara au Ruma: kundi lenu liende mbuga ipi?

Likizo ya Agosti ikikaribia, vikundi vya WhatsApp kuanzia Nakuru hadi Kisumu huanza wimbo mmoja: twendeni tukaone wanyama. Chama cha akina mama kimeweka akiba tangu Januari, vijana wa kanisa wamechangishana, au ukoo una wageni kutoka ng'ambo. Mmoja anataja Maasai Mara. Mwingine anasema Nakuru ipo karibu na nauli ni ndogo. Wa tatu, na mara nyingi ni mtu wa Homa Bay, anauliza mbona hakuna anayeitaja Ruma. Mjadala unavutana hadi mhazini anachoka, na safari inasukumwa mpaka Desemba.

Mimi hupanga safari za namna hii, za watu wa kwetu kwa pesa za kwetu, na nina msimamo. Liangalieni kundi kwanza, mbuga baadaye. Nani magoti yanamsumbua, nani ana mtoto wa kunyonya, mtaweza kweli kutoka nyumbani kabla ya jua, na je, kila mtu atapata dirisha lake garini? Mkishajibu hayo, mbuga karibu inajichagua yenyewe. Zote tatu nazipenda, ila kila moja ina inachodai kwa wanaoitembelea.

Njia na mwanga wa siku

Wanyama huonekana vizuri asubuhi na jioni. Jua likishakuwa kali simba hulala kichakani, chui hajulikani aliko, na hata swala husimama kivulini bila kutikisika. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, basi kitu cha kuhesabu ni saa mtakazokuwa ndani kabla ya saa nne na baada ya saa tisa. Kilomita hazisemi mengi.

Kwa safari ya siku moja, Nakuru haina mshindani. Mbuga imepakana na mji. Mtu wa Lanet au Section 58 anaamka kitandani kwake, anakunywa chai, na kabla ya saa moja anatazamana na nyati. Eneo lake ni kilomita za mraba 188 na barabara zake zinalizunguka ziwa, kwa hiyo siku moja inatosha kuona sehemu kubwa bila kukimbizana. Wa Kisumu wanaweza kufika kupitia Kericho na Mau Summit kwa takriban saa nne, lakini nawasihi msiondoke usiku wa manane ili muwahi lango. Kipande cha Salgaa kinajulikana nchini kote kwa ajali za malori. Njooni jioni ya siku iliyotangulia, mlale mjini Nakuru, na asubuhi muingie mkiwa na nguvu. Gharama ya chumba cha kawaida mjini ni ndogo kuliko hatari ile.

Mara ni habari nyingine. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,510, na kufika tu ni nusu ya siku au zaidi, mtokee Nakuru kwa njia ya Narok au Kisumu kwa njia ya Kisii, Kilgoris na Lolgorien. Kundi linalokwenda Mara kwa usiku mmoja linaishia kuona lami, vumbi, na saa chache za wanyama. Usiku mbili ndicho kiwango cha chini ninachokubali kupanga. Watu wa magharibi wengi hawajui kwamba njia ya Kilgoris inawafikisha lango la Oloololo, kwenye ile sehemu iitwayo Mara Triangle, iliyo magharibi ya Mto Mara, bila kuzunguka hadi Narok. Mkiuteremka ukingo wa Oloololo asubuhi, tambarare yote imetandazwa chini yenu, na wenye macho makali huanza kuhesabu ndovu kabla ya gari kufika lango.

Ruma ipo Kaunti ya Homa Bay, katika Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120. Kutoka Kisumu mnapita Ahero, Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay, kisha mnashika njia ya Mbita. Ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa mtu wa Nakuru ni mbali, na ni lazima alale.

Mtaona nini

Hapa ndipo watu hudanganyana zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nakuru ni mbuga ya vifaru. Tangu 1987 imekuwa hifadhi maalumu ya kuwalinda, imezungushiwa ua, na wapo wa aina mbili, weusi na weupe. Majina hayo yasiwachanganye, maana kwa rangi wote ni wa kijivu. Angalieni mdomo. Kifaru mweupe ana mdomo mpana uliokatwa sawasawa, wa kung'oa nyasi, ndiyo maana mnamkuta uwanda wa wazi kando ya ziwa akiwa ameinamisha kichwa. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anautumia kama kidole kuvuta matawi, naye hujificha vichakani. Akiwa na mtoto, mweupe humtanguliza ndama mbele yake. Ndama wa mweusi hufuata nyuma. Mkiwaambia watoto hilo kabla ya kufika, garini hapatakuwa na usingizi. Mkipata dereva mwenye subira atazima injini, na mtasikia nyasi zikikatika mdomoni mwa mnyama wa tani mbili huku askari wa kifaru, wale ndege wa kula kupe, wakipanda na kushuka mgongoni.

Kuna twiga wa Rothschild wenye miguu myeupe kama waliovaa soksi, kuna nyati wengi, pundamilia, kuro, simba ambao pale wana tabia ya kupanda miti, na chui kwa wenye bahati. Ndovu hakuna. Lisemeni hilo mapema. Nimeona mtoto akilia lango la kutokea kwa sababu shangazi yake alimwahidi ndovu Nakuru.

Na heroe, yaani flamingo? Picha za kalenda zinaonyesha ziwa lote likiwa la waridi, na wageni wengi bado huja na picha hiyo kichwani. Lakini kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yalipanda sana, yakameza lango kuu la zamani, barabara kadhaa, na msitu wa migunga ambao sasa umesimama ndani ya maji ukiwa mkavu. Maji yalipoongezeka, magadi yakapungua ukali, na vile vimea vidogo vya kijani ambavyo heroe hula vikapungua navyo. Ndege wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Siku mtakayokwenda mnaweza kuwakuta wachache, au kundi la kuridhisha, au ndege aina ya mwari tupu. Kama heroe ndio kiu ya kundi lenu, ongezeni siku ya pili mpande Bogoria kupitia Mogotio, mkaone na chemchemi za maji moto zinazochemka kando ya ziwa. Nakuru na Bogoria kwa siku mbili ni mpango bora kuliko Mara ya haraka haraka, na pesa inayobaki ni nyingi.

Mara inawapa kile ambacho Nakuru haina: ndovu, duma uwandani, familia kubwa za simba, na upeo usio na ua. Kati ya Julai na Oktoba huingia nyumbu kutoka Serengeti. Hakuna anayeweza kuwaambia ni tarehe gani watavuka mto, kwa sababu wao hufuata mvua na majani. Sasa lifikirieni kundi lenu. Kusubiri nyumbu wavuke ni kukaa garini saa mbili, tatu, pengine nne, jua kali, bila choo karibu, kisha wageuke waondoke bila kuvuka. Vijana sita wapenda kamera watafurahia kila dakika. Chama cha akina mama chenye wazee watatu hakitafurahia, na mtu akianza kunung'unika gari zima linaambukizwa. Kwa kundi la namna hiyo napendelea Mara ya Januari au Februari: nyasi fupi, magari machache, simba na ndovu wapo, na barabara kavu.

Msimu wa nyumbu una kero nyingine, nayo ni magari. Kanuni inasema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, na wengine wakisubiri mnatazama dakika kumi mnapisha. Kanuni hiyo ni ya haki na dereva wenu aiheshimu, hata kama mjomba nyuma anapiga kelele kwamba amelipa. Duma aliyezungukwa na magari hawezi kuwinda.

Ruma inataka watu wa aina fulani. Msiifuate kwa ajili ya simba wala ndovu. Ifuateni kwa ajili ya korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, masikio marefu yenye vishungi, na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Kenya nzima amebaki hapo tu. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15. Nikiandika namba hiyo najisikia vibaya, kwa sababu watu wa Nyanza tunaweza kumaliza maisha yetu bila kumwona mnyama ambaye dunia ingesafiri kuja kumwona kwetu. Hakuna ahadi kwamba mtampata, nyasi za Ruma ni ndefu na korongo wenyewe ni wachache. Lakini mtaona twiga wa Rothschild, kongoni, taya, tohe, nyati, labda na kifaru, na mara nyingi gari lenu litakuwa peke yake bondeni. Ukimya ule, na ukuta wa mwinuko wa Kanyamwia umesimama upande mmoja, Mara ya Agosti haiwezi kuwapa.

Tatizo la Ruma ni mbung'o. Ndiyo waliolinda bonde: malale, ugonjwa wanaoueneza, yalizuia watu na ng'ombe kujaa Lambwe, na wanyama wakabaki. Huwa wanauma hata kupitia nguo nyepesi, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego inayowekwa kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo kama kundi lenu limeshona fulana za sare za buluu, ziacheni nyumbani. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, na dereva afunge madirisha mnapopita vichakani. Eneo lote la ziwa lina malaria pia; anayetoka Nakuru aongee na daktari au mwenye duka la dawa kabla ya kusafiri, na wote mlale kwenye neti.

Gari, ambalo watu hulifikiria mwisho

Kundi hutumia wiki tatu kubishana kuhusu mbuga na dakika tano kuchagua gari. Ingefaa iwe kinyume. Gari la watalii lenye paa la kuinuliwa hubeba watu saba hivi na kila mmoja ana dirisha. Mnyama akiwa upande wa pili, mnasimama mnatazama kwa juu. Matatu ya abiria 14 ni rahisi kwa kila kichwa, lakini wanaokaa katikati hawaoni. Nimemwona mama mmoja mzee, aliyechanga mwaka mzima, akikaa kiti cha katikati Nakuru nzima. Kifaru alisimama hatua chache kutoka mlangoni. Yeye alimwona kwenye simu ya binti aliyekaa dirishani. "Mama, si huyu hapa?" binti akamwambia akimnyooshea kioo. Mama akasema ndiyo, amemwona. Tangu hapo, kundi likinijia na matatu iliyojaa, nawaambia wapunguze watu au wabadilishane viti kila baada ya saa moja, na wakubaliane hivyo kabla ya kuondoka.

Basi la shule au la kanisa linafaa Nakuru peke yake. Barabara kuu za mbuga hiyo zinalimudu, na ukiwa juu unaona mbali. Mara na Ruma zina udongo mweusi unaogeuka gundi mvua ikinyesha. Basi la watu 33 likikwama huko, siku imekwisha. Kati ya Machi na Mei mbuga hizo mbili zinataka Land Cruiser au gari lolote linalovuta magurudumu yote manne, na dereva anayeijua njia. Dereva wa matatu wa mtaani anaweza kuwa hodari barabara ya Kericho na asijue kabisa simba hulala upande gani.

Choo, kwa ufupi, kwa sababu ndicho huamua raha ya kundi lenye wazee na watoto: hairuhusiwi kushuka popote mnapotaka. Nakuru mna mahali pengi pa kushuka kihalali, kama pale juu Baboon Cliff au kwenye maporomoko ya Makalia, na hamkai muda mrefu kati ya kituo kimoja na kingine. Mara mtakaa sana. Mkila Baboon Cliff, fungeni madirisha na msiweke chapati juu ya gari. Nyani wa pale wamezoea watu kupita kiasi.

Kundi lenu au kundi la wageni

Mkiwa wawili au watatu, gari zima kwa Mara ni gharama isiyobebeka, na kujiunga na safari ya pamoja ya kampuni ni busara. Safari nyingi za namna hiyo huanzia Nairobi na huzunguka Mara, Nakuru na Naivasha, kwa hiyo wa Kisumu aulize kama anaweza kupandia Narok au Nakuru badala ya kwenda Nairobi na kurudi nyuma. Mtakaa na watu msiowajua siku tatu. Mmoja anataka ndege, mwingine anataka simba tu, wa tatu anataka kurudi kambini mapema. Faida yake ni kwamba ratiba haichelewi: saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili.

Kuanzia watu sita, kodini gari lenu. Bei kwa kila kichwa inashuka, mnaongea lugha yenu, mnamngoja nyanya avae sweta bila mtu kutazama saa. Hasara ni hiyo hiyo ya kungojana. Kundi la ukoo linalosema litaondoka saa kumi na moja huondoka saa mbili, na saa tatu za mwanga mzuri zimekwenda. Ndiyo sababu kundi kubwa la ukoo nalielekeza Nakuru bila kusita: hata mkichelewa, mbuga ipo mlangoni, na jioni bado ni yenu. Kundi dogo lenye nidhamu na usiku mbili au tatu, liende Mara. Walimu, wapenda ndege, wanafunzi wa mazingira, na yeyote ambaye tayari ameona simba mara kadhaa, waende Ruma wakalale katika nyumba ya wageni ya Oribi au wapige hema.

Vijana wasiopenda kukaa garini siku nzima hawafai yoyote kati ya hizo tatu. Wapelekeni Hell's Gate, Naivasha, waendeshe baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Na kama mfuko wa Kisumu ni mdogo sana mwaka huu, ile hifadhi ndogo ya swala pala kando ya ziwa ipo hapo hapo mjini, na ina nzohe, swala wa majini ambaye watu wengi hawajamwona.

Ada

Nakuru na Ruma zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na malipo yake ni ya mtandaoni kupitia eCitizen. Noti hazipokelewi langoni. Lipieni kundi zima usiku wa kuamkia safari, kwenye intaneti nzuri, si langoni huku magari kumi yakiwa nyuma yenu. Gari nalo hulipiwa kulingana na idadi ya viti. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila hicho hakuna uthibitisho kwamba anastahili bei ya mwananchi.

Mara iko chini ya Kaunti ya Narok na ina ada zake. Jamaa wenye pasipoti za kigeni ndio wanaohitaji hesabu makini: tangu 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba, kwa saa 12 kuanzia asubuhi hadi jioni. Shemeji watatu waliokuja kutoka Marekani, siku mbili za Agosti, ni dola 1,200 za lango peke yake, kabla ya gari, chakula na malazi. Waambieni kiasi hicho kabla hawajakata tiketi ya ndege, na waulizeni kama wanaweza kuja Juni.